Warsha ya lishe kwa wazazi, Langoni, Lamu: nianzie wapi?

Mwalimu wa chekechea: Assalaam aleikum. Watoto wangu wengi hufika asubuhi na chai ya rangi na hamri moja tumboni. Saa nne wanakimbilia viazi karai na mabuyu ya rangi. Inaniuma. Nataka kuwaita wazazi tuzungumze chakula cha nyumbani, lakini sitaki waketi wakihubiriwa.

Mama wa Mkomani: Waaleikum salaam, mwalimu. Ijumaa usijaribu. Weka Jumamosi baada ya alasiri, na mpike hapo hapo: mbaazi za nazi, dagaa, mchicha. Watu wakionja wataamini. Kina baba waite pia, maana wengi wao ndio waendao sokoni. Ukimfundisha mama peke yake, kikapu kitarudi vile vile.

Muuguzi: Hiyo chai izungumzieni kwa kirefu. Ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kwenye mbaazi na mchicha. Isubiri kama saa moja baada ya kula. Sahani ipate ndimu au embe, vitamini C husaidia. Omba kituo cha afya kilete utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 hali ni mbaya, apelekwe hospitali. Mpimeni faraghani, mzazi asiaibike mbele ya jirani.

Mwalimu wa chekechea: Ahsanteni sana. Sufuria nitaazima kwa majirani. Nani ana mtu wa kutuletea mboga kutoka Mpeketoni?