Mjadala: Dirty Mind ya Prince ibaki nzima, au wimbo mmoja uondolewe?

Ndugu zangu, naomba nianze kwa kueleza kilichouzaa mjadala huu. Tulipokuwa tukizungumzia muziki wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenzetu mmoja alisema kwamba albamu ya Dirty Mind, ambayo Prince aliitoa Oktoba 1980, ni matusi matupu yaliyovikwa mdundo mzuri. Mwingine akamjibu kwamba hiyo ni sanaa, na sanaa haihukumiwi kwa kipimo cha adabu. Wa tatu akataka kuwapatanisha kwa kupendekeza kwamba albamu iheshimiwe, ila wimbo wa "Sister" uondolewe katika matoleo yajayo. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Kwa asiyeifahamu, ni albamu fupi yenye nyimbo nane zinazochukua nusu saa tu. Prince alikuwa na umri wa miaka 22. Wimbo wake wa "I Wanna Be Your Lover", uliotoka mwaka 1979, ulishika namba moja katika chati ya nyimbo za soul na namba 11 katika chati kuu, na kampuni yake, Warner Bros., ilikuwa na kila sababu ya kutaka mwingine wa aina hiyo. Yeye akajifungia nyumbani kwake nje ya jiji la Minneapolis, akapiga karibu vyombo vyote kwa mkono wake, akatoka na kanda zilizokuwa kama rasimu: ngoma kavu, gita lisilo na mapambo, kinanda kinachorudia kifungu kilekile bila kuchoka. Zilitolewa karibu vilevile zilivyo. Jalada nalo ni picha nyeusi na nyeupe inayomwonyesha amesimama mbele ya springi za kitanda zisizo na godoro, koti refu limeachwa wazi, kitambaa kimefungwa shingoni, na chini ya koti hakuna kitu ila chupi nyeusi.

Sitabisha kwamba kuna matusi. "Head" unasimulia juu ya bibi harusi aliye njiani kwenda kufunga ndoa, anakutana na msimulizi, na ndoa inaishia hapo. Sauti ya huyo bibi harusi ni ya mpiga kinanda Lisa Coleman, na hakuna neno lililofichwa. Sisi tuliokulia katika taarabu tunajua kwamba mtunzi hodari anaweza kusema yote bila kutaja lolote, na ninaelewa kabisa kwa nini sikio lililozoea mafumbo linaona uvivu katika kusema waziwazi namna hii. Hata hivyo, Prince aliweza kuimba kwa staha alipotaka, kama albamu mbili za kwanza zinavyoonyesha. Ukali wa maneno haya ulikuwa uamuzi, na uamuzi wenye gharama, kwa sababu nyimbo za namna hii hazikuwa na nafasi redioni, na redio ndiyo iliyokuwa imempa jina.

Linalonisikitisha ni kwamba tunabishana juu ya chupi na kuacha jambo lililokuwa gumu zaidi kumezwa na Wamarekani wa wakati ule. Redio zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: huku soul na fanki, kule roki. Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park jijini Chicago, sanduku lililojaa santuri za disko lililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia, na baada ya hapo muziki wowote wa dansi uliotoka kwa Weusi ulitazamwa kwa jicho la mashaka. Prince aliingia katika hali hiyo na "When You Were Mine", wimbo wa gita jepesi na kinanda chembamba, ambao ukiusikia bila kuona picha ungedhani ni wa bendi ya vijana Wazungu. Ndani yake mwanamume anakiri bila haya kwamba bado anampenda mwanamke aliyemwacha, hata baada ya kuvumilia mengi ambayo mwanamume hutarajiwa kuyalipiza. Hakuna tusi kubwa humo, na kwangu ndio wimbo bora wa albamu nzima; Cyndi Lauper aliurudia mwaka 1983. Katika "Uptown" alichora mtaa ambako hakuna anayekuuliza rangi yako wala unampenda nani. Wimbo huo ulifika namba tano katika chati ya soul, lakini haukuingia hata katika nyimbo 100 za chati kuu.

Tazameni pia kilichompata Los Angeles, Oktoba 1981, alipoalikwa kufungua maonyesho ya bendi ya roki ya Rolling Stones katika uwanja wa Coliseum. Alipanda jukwaani na mavazi yaleyale ya jaladani, akiwa na bendi ya Weusi na Weupe, wanaume na mwanamke. Watu walimzomea na kumtupia vitu mpaka akashuka baada ya nyimbo chache. Akarudi Minneapolis, akabembelezwa, akapanda tena siku ya onyesho la pili, na akatupiwa vitu kwa wingi zaidi. Umati ule haukuwa wa watawa. Ulikuwa umelipa kumwona Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, ambaye kwa miaka mingi aliimba ngono bila kificho na akashangiliwa. Ndiyo maana siamini kwamba maneno machafu peke yake yaliwakera. Kilichowakera ni mwili uliokuwa ukiyaimba, mwili wa kijana mweusi mwembamba asiyekubali kuwa mwanamume wa namna waliyoizoea.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuligusa kabisa. Wimbo wa mwisho, "Partyup", unamalizikia kwa sauti za vijana wanaokataa kwenda kupigana vita. Miezi michache tu kabla ya albamu kutoka, Julai 1980, serikali ya Rais Carter ilirudisha sheria ya vijana wa kiume kujiandikisha kwa ajili ya jeshi. Albamu inayoitwa chafu inafungwa na hoja ya kisiasa iliyokuwa ya moto wakati huohuo.

Sasa "Sister". Unachukua dakika moja na nusu, kwa kasi ya panki, na msimulizi wa miaka 16 anaeleza uhusiano wa kimwili na dada yake wa miaka 32. Wapo wanaosema kwamba tunamsikiliza mtoto aliyedhulumiwa na kufundishwa kuiita dhuluma hiyo mapenzi. Nimejaribu kuukubali usomaji huo kwa moyo safi na nimeshindwa, kwa sababu muziki unaruka na kucheka, na hakuna mahali popote ambapo mtunzi anasimama upande wa mtoto. Kwangu hilo ni kosa, na neno "sanaa" halilifuti.

Lakini siungi mkono kuuondoa. Ukiondolewa, kizazi kijacho kitampokea Prince aliyeoshwa, mpole kuliko alivyokuwa, na hakitakuwa na cha kumuulizia. Isitoshe, tunajua kazi ya aina hii ikianza huelekea wapi: mwaka 1985 wake za wanasiasa mjini Washington, wakiongozwa na Tipper Gore aliyekerwa na wimbo mwingine wa Prince huyuhuyu, "Darling Nikki", walilifikisha suala hili mbele ya Seneti, na matokeo yake yakawa zile lebo za kuwaonya wazazi. Lebo mimi sina ugomvi nayo, kwa kuwa inampa mzazi taarifa na kuiacha kazi kama ilivyo. Prince mwenyewe, baada ya kujiunga na Mashahidi wa Yehova mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliacha kuimba jukwaani nyingi kati ya nyimbo za namna hii, na ilikuwa haki yake kuziacha.

Kwa hiyo swali langu ni kwa mwenzetu aliyependekeza wimbo uondolewe. Ukishaiondoa "Sister", je, "Head" utaiacha? Na kama utaiacha, naomba ututajie kipimo ulichokitumia, kwa maneno ambayo sisi wengine tutaweza kuyapima katika wimbo wa tatu na wa nne.