Gurudumu la Spreepark, Berlin: kwa nini walilishusha lote, na kazi kama hii huanzia wapi?

Mpangaji_B

Habari wakuu. Nafuatilia kazi ya Spreepark, bustani ya burudani iliyotelekezwa ndani ya msitu wa Plänterwald, Berlin. Kwa wasioijua: ilifunguliwa 1969 kwa jina la Kulturpark, Ujerumani Mashariki ikiadhimisha miaka 20. Wajerumani walipoungana ikaingia mikononi mwa mwendeshaji binafsi, na 2001 ikafungwa kwa madeni. Bembea zikaota kutu msituni, sanamu za dinosaria zikaangushwa na kupigwa rangi na vijana waliokuwa wakiruka uzio. Sasa mji, kupitia kampuni yake ya Grün Berlin, unaigeuza kuwa bustani ya umma ya sanaa, utamaduni na mazingira. Gurudumu kubwa la kupandisha abiria, lenye kimo cha mita 45, lilishushwa vipande vipande Januari 2021 ili litengenezwe na kurudishwa.

Nina maswali matatu. Kwa nini lisikwanguliwe na kupakwa rangi hapo hapo liliposimama? Mtu akikabidhiwa eneo la namna hii leo, aanzie wapi? Na kitu gani hula bajeti bila kutarajiwa?

HatiKwanza

Nianze na la pili, maana ndilo lililoichelewesha Spreepark kuliko kutu.

Ardhi ilikuwa ya mji, lakini mwendeshaji alikuwa na haki ya kujenga na kuitumia kwa miongo mingi. Kwa sheria ya Ujerumani haki hiyo huandikishwa kwenye daftari la ardhi, na unaweza kuiweka rehani benki kama vile nyumba. Kampuni ikifilisika, haki haifi nayo. Inabaki na rehani yake mgongoni, na yeyote anayelitaka eneo analichukua pamoja na deni. Mji uliipata tena haki hiyo mwaka 2014, Grün Berlin wakakabidhiwa kazi 2016. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi chuma kilinyeshewa bure. Agosti 2014 moto nao ukateketeza sehemu ya majengo.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, tafuta karatasi tatu. Ya kwanza ni hati ya ardhi pamoja na mazuio yote yaliyoandikwa juu yake. Ya pili ni umiliki wa kila mashine peke yake. Bembea mara nyingi hukodishwa au kuwekwa dhamana kivyake, na ardhi kuwa yako hakulifanyi gurudumu kuwa lako. Ya tatu ni matumizi yanayoruhusiwa. Plänterwald ni eneo la mandhari linalohifadhiwa, huwezi kufyeka msitu upate maegesho, na uhaba wa maegesho ulikuwa kero kubwa hata kwa bustani ya zamani. Idadi ya wageni utakaowachora kwenye mpango itokane na treni, baiskeli na miguu. Ukichora ukumbi wa maelfu halafu ndiyo uulize watafikaje, umeshachelewa.

Chuma_na_Zege

Suala la gurudumu. Kukwangua na kupaka rangi hakuwezekani hewani kwa sababu tatu, na ya kwanza ni rangi yenyewe. Chuma cha zama zile kwa kawaida kilipakwa praima (rangi ya chini) nyekundu yenye madini ya risasi. Ukiipiga grenda au ukiichoma kwa gesi, unaisambaza risasi kwenye mapafu ya mafundi na kwenye udongo ambao kesho watoto watauchezea. Pima kwanza kwa kile kifaa cha mkononi cha eksirei, kisha kazi ifanyike kwenye banda lililofungwa lenye feni za kunyonya vumbi. Kulifunika gurudumu la mita 45 kwa turubai lisiloachia vumbi, huku upepo unalisukuma, ni gharama inayokaribia ile ya kulishusha.

Pili, mabomba. Nje yanaweza kuonekana mazima kabisa. Maji huingia kwenye tundu dogo la weldi, yanakaa ndani, na bomba linaliwa kutoka tumboni. Nyundo haikwambii kitu cha maana hapo. Pima unene wa ukuta wa bomba kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti), hasa kwenye ncha za chini ambako maji hutuama, ulinganishe na michoro ya kiwandani. Michoro ikiwa imepotea (na hupotea), utapima kila kipande na kukichora upya, na huo ndio mwanzo wa jibu la swali lako la tatu.

Tatu, nyufa za uchovu. Gurudumu limebeba na kushusha mzigo mara nyingi mno, na nyufa huanzia kwenye kingo za weldi, karibu na ekseli na pale mikono inaposhikana na ukingo. Ni nyembamba kama unywele. Huonekana kwa kipimo cha unga wa sumaku, na kipimo hicho kinataka chuma kitupu, kisicho na rangi. Ndiyo maana tunarudi bandani.

Namna ya kulishusha: vyumba vya abiria vitolewe kwa jozi zinazoelekeana, kimoja upande huu na mwenzake upande wa pili. Ukitoa vitano mfululizo upande mmoja, gurudumu litajizungusha lenyewe kutafuta uzito, na breki iliyokaa miaka ishirini si ya kuaminiwa. Lifungwe kwa minyororo kwenye nguzo kabla ya bolti ya kwanza kuguswa. Bolti za daraja 10.9 (zile za nguvu ya juu) zilizokwisha kukazwa kikamilifu hazirudiwi, weka mpya zote. Waya za mvutano na beringi, vivyo hivyo.

Halafu kuna jambo dogo linalowaumbua wengi: namba za vipande. Ukiandika kwa rangi, mtambo wa kupiga mchanga unafuta. Ukigonga kwa muhuri usiozama, zinki ya moto (iliyoyeyushwa, ambamo chuma hutumbukizwa kisishike kutu) inajaa kwenye herufi na hakuna anayesoma kitu. Chora namba kwa weldi iliyoinuka au gonga kwa kina, kisha funga kibati cha chuma kisichoshika kutu kwa waya, uwe na alama mbili. Na kabla ya kutumbukiza bomba lolote kwenye zinki ya nyuzi 450 hivi, toboa matundu ya kupumulia ncha zote mbili. Bomba lililozibwa hupasuka ndani ya beseni kama bomu, na anayeumia ni yule kijana aliyesimama na ndoana.

PopoNaMiti

Chuma kimesemwa vizuri, ila mnasahau kalenda. Ujerumani, kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba hukati miti wala vichaka hivi hivi, ndege wanaangua. Popo wote wanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, na jengo lililotelekezwa kando ya mto ni makao yao hasa: nyuma ya mbao za vibanda, chini ya bati, ndani ya mahandaki ya treni za bembea. Uchunguzi wao hufanywa majira ya joto wakiwa wanaruka, ukataji hufanywa majira ya baridi. Ukikosa uchunguzi wa kiangazi hiki, umesogeza kazi mwaka mzima, hata kama fedha iko benki na mkandarasi yuko getini.

Mabeseni ya zile mashua za majini nayo usiyakaushe kwa pupa. Kagua vyura kwanza. Chini ya vyumba vya mashine chimba sampuli za udongo, maana oili ya haidroliki huvuja kimya kimya kwa miaka. Paa za vibanda vya zamani zipimwe asbestosi kabla ya kuguswa.

Njia za wageni: gari la zimamoto linahitaji upana wa mita 3 usiozibwa, uwazi wa mita 3.5 juu, na tabaka linalobeba tani 16. Sasa jaribu kuipitisha hiyo kati ya miti mikubwa. Mizizi ya mti kwa kanuni zao huhesabiwa hadi mwisho wa matawi pamoja na mita 1.5, na hapo hushindilii wala huchimbi kwa mashine. Suluhisho la kawaida ni kupita juu ya msingi wa njia ile ile ya zamani, ambao udongo wake ulishashindiliwa. Kwa hiyo ramani ya bustani ya burudani huendelea kuishi ndani ya ile mpya, upende usipende, na kwa maoni yangu inapendeza zaidi hivyo.

Mkishafukua njia, lazeni mabomba matupu ya nyaya, mawili zaidi ya mnayohitaji. Jukwaa la utamaduni lisilo na umeme wa kutosha huishia kwenye jenereta, na jenereta huishia kwenye malalamiko ya majirani.

Mpangaji_B

Asanteni sana, wakuu. Na wakiamua gurudumu lisimame tu kama sanamu, lisizunguke, gharama si inashuka?

Chuma_na_Zege

Inashuka upande mmoja tu, mkuu. Likizunguka na watu ndani, linaingia kwenye EN 13814, kiwango cha Ulaya cha mashine za burudani: hesabu mpya za uchovu, breki, namna ya kuwashusha watu umeme ukikatika, ukaguzi wa kila mara. Likisimama tu, ni jengo. Upepo bado unalisukuma, msingi bado uhakikiwe, na vijana watalipanda. Ngazi ya chini kabisa iondolewe au ifunikwe kwa bati laini lisilo na pa kukanyaga.

Dinosaria wana hesabu tofauti. Ukiruhusu mtoto akae juu ya mgongo wake, umeshatengeneza kifaa cha kuchezea na EN 1176, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya viwanja vya watoto, inakuhusu: kimo cha kuanguka kisizidi mita 3, na chini pawe na mchanga au vipande vya mbao. Amueni hilo kwa kila kitu, kimoja kimoja, kabla ya kutangaza zabuni. Mkandarasi aliyeweka bei ya "sanamu" hatakupa "mchezo" kwa bei ile ile.

Kama unawaza kazi ya aina hii kwa Mombasa au Tanga, ingiza chumvi ya bahari kwenye hesabu. Zinki ya moto pekee karibu na bahari haitoshi, weka rangi ya epoksi juu yake, na mabomba yote yaachiwe tundu la kutolea maji upande wa chini.