Kambi ya Agosti Naivasha au kikundi cha Jumamosi Subukia? Nisaidieni kuchagua

Mama Tunu (Lanet)
Habarini wazazi. Nina hadi Ijumaa kuamua, na kila ninayemuuliza ananivuta kwake.

Mwanangu akishindwa mchezo analia. Akianguka hainuki mpaka ainuliwe. Juzi amepata kumi na nane kwa ishirini akaichana karatasi. Mwalimu wake amenishauri nimtafutie kitu cha nje ya darasa, chenye watoto wachache, akomae kidogo. Nimepata hivi:

1. Kikundi cha Jumamosi, shamba moja la Subukia lenye kijisitu na kijito. Watoto wanane, watu wazima wawili, saa tatu asubuhi hadi saa nane, muhula mzima. Wanawasha moto, wanajenga vibanda, wanapika.
2. Kambi ya siku tano Naivasha mwezi wa nane. Kupanda mwamba, baiskeli, matembezi Hell's Gate, kulala hemani.
3. Skauti wa shuleni kwao. Karibu bure.

Ipi itamjenga?

Kaptula
Umri? Mvulana au msichana? Una shilingi ngapi? Ana ugonjwa wowote? Amewahi kulala nje ya nyumbani? Umetuletea kitendawili halafu unataka mji.

Mzee wa Molo
Weka pesa yako mfukoni mama. Mpeleke kwa shosho yake likizo nzima, apewe ndama na ndoo. Sisi tulichunga tukiwa na miaka sita, mvua ya Molo ikitupiga, na hakuna aliyetulipisha. Ukitaka lazima chama, basi skauti. Baden-Powell mwenyewe alichagua kufia Kenya, kaburi lake liko Nyeri tangu 1941. Mtu aliyejua mambo ya watoto.

Nesi Bondeni
Mzee, wale wenzako waliopigwa teke na ng'ombe hawako hapa kuandika.

Mama Tunu (Lanet)
Samahani, nilikuwa kazini. Msichana, miaka tisa, gredi ya nne. Tusizidi elfu ishirini na nauli ikiwemo. Mzima tu. Shosho yake anaishi Pipeline, orofa ya tatu, hana ndama.

Mwalimu wa Njoro
Mama Tunu, achana kwanza na mwamba na baiskeli. Waulize hao watu mambo mawili: mtu mzima mmoja anaangalia watoto wangapi, na je, ni mtu yuleyule kila mara?

Kuna utafiti wa Emmy Werner huko kisiwa cha Kauai, Hawaii. Aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, miaka na miaka mpaka wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia kwenye shida nzito, umaskini, ulevi, wazazi wasioelewana, karibu theluthi moja walitoka wazima kabisa, wakafanya kazi, wakalea familia. Wengi wao walikuwa na mtu mzima aliyewashika asiwaachilie, awe bibi, shangazi au mwalimu. Hakuna aliyepandishwa mwamba.

Ndiyo maana naelekea namba moja. Mtindo huo wa msituni una asili yake. Watu wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walitembelea Denmark mwaka 1993, wakaona watoto wadogo wakishinda nje, wakarudi kuanzisha kwao. Ni watoto walewale kwenye msitu uleule, wiki baada ya wiki, jua na mvua. Wiki ya kwanza mtoto analia kwa sababu ya matope. Baada ya mwezi anamwonyesha mwenzake gogo linaloteleza.

Tafuta Hewa
Napinga. Mtoto anayelia akishindwa hahitaji kubembelezwa kila Jumamosi. Anahitaji kuwekwa mahali ambapo mama hayupo, giza limeingia na hema lazima lisimame. Outward Bound, shule ya kukomaza vijana nje, ilianza hivyo mwaka 1941 kule Aberdovey, Wales. Kurt Hahn na wenzake waliona mabaharia vijana wanashindwa kuvumilia meli zikizama wakati wazee wanaokoka, wakaanzisha mafunzo ya bahari na milima. Siku tano za Naivasha zitamfanyia zaidi ya muhula wa kuchoma viazi.

Mwalimu wa Njoro
Hayo mafunzo ya Hahn yalichukua karibu mwezi mzima, na waliohudhuria walikuwa vijana wa kwenda baharini. Wewe unazungumzia siku tano na mtoto wa miaka tisa. Hata President's Award, ule mpango wa tuzo za vijana ulioanza hapa Kenya mwaka 1966, inapokea kuanzia miaka 14. Kuna sababu.

Tafuta Hewa
Sababu ni makaratasi tu mwalimu.

Nyakwar Dunga
Nyinyi watu wa Nakuru mnajibana bure. Mleteni Kisumu! Kuna Impala Sanctuary mjini hapahapa, kuna mawe ya Kit Mikayi, na mkipanda boti kuna kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa na watalii ni wa kuhesabu. Watoto wajifunze kupiga kasia na kuparua samaki. Mtoto akishaparua ngege kumi kwa mkono wake hatalia tena kwa sababu ya hesabu.

Nesi Bondeni
Na kichocho je? Maji ya ufukweni Ziwa Victoria si ya kuchezea miguu mitupu. Pia mtoto aliyekulia Nakuru hana mazoea na malaria kama watoto wa huko kwenu. Akija bila chandarua na bila ushauri wa daktari, kambi inaishia wodini.

Nyakwar Dunga
Dada, sisi tumekulia majini na tuko.

Nesi Bondeni
Naona unaongea kama Mzee wa Molo.

Baba Mapacha (Kiamunyi)
Niwape yetu, na jina la kampuni sitaji. Tangazo lilisema vikundi vya watoto sita, viongozi wenye cheti cha huduma ya kwanza, siku moja Menengai. Mapacha wangu walikuwa na miaka kumi. Tukawafikisha asubuhi mahali pa kukutania, tukakuta matatu mbili zimejaa. Watoto zaidi ya thelathini, vijana wawili wenye firimbi. Nikauliza vile vikundi vya sita viko wapi, nikaambiwa "tutawagawa juu."

Hawakugawa. Wanaojua Menengai wanajua kule juu ni zaidi ya mita elfu mbili na mia mbili, upepo hauna huruma, na ukianza kushuka ndani ya kreta unakanyaga mawe ya volkano yanayoviringika. Saa saba mvua ikashuka. Kijana mmoja akakimbia mbele na wenye mbio, mwingine akabaki na waliochoka. Waliokuwa katikati hawakuwa na mtu. Kuwahesabu ilikuwa kupuliza firimbi na kuona nani anakuja.

Mimi napiga simu, haishikwi. Saa kumi na moja ndiyo wanafika. Mmoja wa wangu ana goti lililochubuka hadi mfupa unakaribia kuonekana, limefungwa kwa skafu ya msichana mwingine. Wa pili amevaa viatu visivyo vyake, cha kushoto kidogo, cha kulia kikubwa. Sikukasirishwa na goti, magoti hupona. Nilipouliza ilikuwaje, yule kiongozi akaniuliza, "Wako ni yupi, yule wa jaketi nyekundu?" Alikuwa ameshinda na mtoto wangu siku nzima na hajui anaitwa nani.

Kichekesho ni kwamba aliyeumia sasa hashikiki, kila wikendi anataka mlima. Mwenzake, asiye na hata mkwaruzo, ukitaja safari ya shule anaumwa tumbo.

Kaptula
Walirudisha pesa?

Baba Mapacha (Kiamunyi)
Walinipa punguzo la kambi inayofuata.

Tafuta Hewa
Hiyo ni kampuni mbovu, si kambi mbovu. Usiwachanganye.

Dereva wa Gilgil
Mimi nabeba wanafunzi njia hiyo ya Naivasha. Kabla hujalipa, mama, waulize kama matembezi ya Hell's Gate yanaingia korongoni. Septemba 2019 maji ya ghafla yaliwachukua watu huko, saba wakafa, na mmoja wao alikuwa mwongozaji. Watu hudhani ni lazima unyeshewe ndiyo ujue hatari. Korongo likiwa kavu chini, mvua inanyesha mbali huko juu, wewe unapiga picha, na maji tayari yako njiani. Muulize mwenye kambi: nani ana uamuzi wa kughairi siku hiyo, na akighairi mnafanya nini badala yake? Wenye kazi yao watakujibu hapohapo. Ukisikia "tutaangalia," rudi nyumbani.

Mzee wa Molo
Skauti hawana mambo ya korongo. Miaka tisa ni ngazi ya Sungura, ataimba, atafunga kamba, atalala saa mbili. Akikua anakuwa Chipukizi, halafu Mwamba. Ngazi kwa ngazi.

Mwalimu wa Njoro
Mzee, skauti ni wazuri pale ambapo mlezi yuko na ana moyo. Shule nyingi mwalimu amekabidhiwa skauti, drama, na timu ya mpira kwa pamoja. Mama Tunu, kwa shule yenu ni watoto wangapi, na wanatoka nje ya geti?

Mama Tunu (Lanet)
Ni kama hamsini hivi. Hawatoki geti, ila wanapiga gwaride zuri.

Nimewapigia wa Naivasha. Mtu mmoja kwa watoto kumi na wawili, na kuhusu korongo wamesema watanijibu. Wa Subukia wamesema naweza kwenda siku moja nikae pembeni nitazame. Walichonitia wasiwasi ni kisu. Wanawapa watoto visu wachonge vijiti!

Halafu nilisahau kusema, huwa ana pumu kidogo kukiwa na baridi. Anatumia inhela.

Kaptula
"Mzima tu."

Nesi Bondeni
Mama Tunu jamani! Pumu ya baridi, na wewe unafikiria hema mwezi wa nane? Sisemi asiende. Watoto wenye pumu wanacheza, wanakimbia, wanapanda milima. Ila kiongozi ajue inhela ni ya rangi gani, iko mfuko upi, anapuliza mara ngapi, na hospitali iliyo karibu ni ipi na gari linalosubiri ni la nani. Inhela ikae na mtoto au mtu aliye hatua mbili naye, isiachwe kwenye begi ndani ya matatu. Na huo moto wa Subukia, akae upande ambao moshi hauendi. Uwaambie kwa maandishi, si kwa simu.

Mwalimu wa Njoro
Kuhusu kisu usiogope kabla hujaona. Kwa wanaojua kazi, mtoto anakaa chini, kiwiko juu ya goti, ncha inaelekea nje, na hakuna anayepita mbele yake. Mtu mzima mmoja na watoto wawili, basi. Ukienda kutazama na ukakuta wanane wanachonga huku wamesimama, rudi naye. Mtoto wa miaka tisa aliyeaminiwa kitu chenye makali anatulia kwa namna ambayo hujawahi kumwona.

Tafuta Hewa
Kwa hiyo kisu sawa, mwamba wenye kamba na kofia hapana. Haya.

Baba Mapacha (Kiamunyi)
Kidogo Tafuta Hewa ana hoja hapo. Kama wa Naivasha wangekuwa mmoja kwa wanne, hata mimi ningefikiria. Mmoja kwa kumi na wawili ndiyo ileile ya firimbi.

Shangazi Rongai
Nauliza tu: na masomo? Wenzake watakuwa tyusheni likizo yote.

Mwalimu wa Njoro
Tyusheni ya likizo imekatazwa na sheria ya elimu ya mwaka 2013, shangazi.

Shangazi Rongai
Imekatazwa, na jirani yangu anaifanya sebuleni kwake, na watoto wamejaa hadi jikoni. Mtoto wa Mama Tunu akirudi anajua kuchonga kijiti na hajui desimali, tutamlaumu nani?

Kaptula
Alipata kumi na nane kwa ishirini, shangazi. Desimali anazijua. Shida ni zile mbili alizokosa.

Mama Tunu (Lanet)
Nimecheka peke yangu kwenye matatu. Basi nilikuwa karibu kulipa Subukia, na jana usiku nikamweleza baba yake vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Jumamosi?" Watu wa kwao ni Wasabato. Mimi sikulelewa hivyo, nikawa nimeangalia bei na umbali tu.

Kaptula
Jamani. Umri, pumu, Sabato. Kuna kingine? Mtoto ana mabawa?

Nyakwar Dunga
Huku kwetu hilo ndilo swali la kwanza kabla ya bei. Ndere tunaweza kwenda Jumapili 😀

Mwalimu wa Njoro
Waulize Subukia kama wana kikundi cha Jumapili au cha katikati ya wiki wakati wa likizo. Kama hakuna, tafuta wazazi wengine watano wenye shida hiyohiyo, hapo Lanet hawakosekani. Watoto sita wanatosha kuanzisha kikundi. Mwenye shamba hatakataa pesa.

Shangazi Rongai
Jumapili na sisi wengine tuko kanisani.

Mzee wa Molo
Ng'ombe hawana Jumamosi wala Jumapili.

Nesi Bondeni
Vyovyote itakavyokuwa, mnunulie gambuti na soksi nzito kabla hajaenda popote. Miguu ikilowa na baridi ya asubuhi, hiyo pumu haitangoja sherehe.

Mama Tunu (Lanet)
Gambuti za miguu midogo zinapatikana wapi? Nimezunguka mjini, naona za wakubwa tu.

Dereva wa Gilgil
Jaribu upande wa Top Market. Ingiza mkono ndani kwanza, kama mpira ni mgumu kisigino, achana nazo, zitamkata. Ziwe kubwa namba moja zaidi, soksi zipate nafasi.

Baba Mapacha (Kiamunyi)
Kwetu ziko jozi mbili, karibu mpya, mnajua kwa nini. Na hema la watu watatu pia nauza, halijalaliwa.

Tafuta Hewa
Hema bei gani?

Baba Mapacha (Kiamunyi)
Tutaelewana. Ila zipu imegoma.

Tafuta Hewa
Zipu ya mlango au ya dirisha?