Gari la umeme limenizimikia njiani, limeitwa kiwandani, bado kimeo. Nina haki gani hapa Texas?

MamaNaima
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Houston, nalea wazee zamu ya usiku, kwenda na kurudi ni maili 76. Februari mwaka jana nilichukua gari la umeme jipya kwa mkopo. Kampuni naomba nisiitaje.

Mwezi wa saba, saa nne usiku, niko barabara kuu ya I-10, mara nikasikia "ting" na kakobe ka njano, ile taa ya kuonya kwamba nguvu ya gari imepungua, kakatokea kwenye dashi. Mwendo ukashuka kutoka 70 hadi 25, malori yananipita na mahoni yao. Yadi wakabadilisha betri ndogo ya volti 12. Novemba likazima kabisa, niko njia ya katikati. Wakasema ni programu, wakaisasisha.

Januari ikaja barua: gari lako ni miongoni mwa yaliyoitwa, lilete litengenezwe bure. Likakaa kwao siku 34, wakaniazima jingine la kufanana nalo. Wiki mbili tangu nilichukue, kakobe hakooo!

Sasa yadi wananiambia wito umeshafanyika, kwao faili limefungwa. Eti nilirudishe nichukue jipya, deni lililobaki waliingize kwenye mkopo mpya. Kazini wananiambia kuna sheria ya malimau. Inanihusu? Dashi inasoma maili 20,900. Nawasilisha.

Kahawa_Chungu
Ndiyo maana mie na Corolla yangu ya 2009 hatuachani. Pole lakini dada.

Juma_wa_Sacramento
Wamarekani gari kimeo wanaliita limau, sheria ndiyo hiyo. Ila umechelewa, ni miezi 18 au maili 18,000 tu.

BabaTumaini_DFW
Juma, hiyo ni ya kwenu California, na hata huko ukivuka haki haijafa, ila mzigo wa kuthibitisha ndio unakuwa mzito. Kila jimbo lina yake. Dada yuko Texas: miezi 24 au maili 24,000, kinachotangulia.

MamaNaima, mimi nilipita njia hiyo na pikapu ya petroli, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Kwanza, gari kuitwa hakulifanyi limau. Kumbuka Chevrolet Bolt 2021: GM, watengenezaji wake, waliziita zote tangu toleo la 2017, betri za LG zilikuwa zinashika moto, watu wakaambiwa walaze magari nje, mbali na nyumba, wasichaji kupita asilimia 90. Wengi waliishia kubadilishiwa betri. Wito unamdai mtengenezaji aondoe kasoro. Haki ya kurudishiwa hela inaanza pale anapojaribu akashindwa, na kwako ameshajaribu mara tatu.

Texas wana vipimo vitatu. Mara nne kwa tatizo lilelile. Siku 30 gari likiwa gereji. Au mara mbili tu, kama kasoro inahatarisha maisha. Hizo siku 34 zako usizitegemee, maana siku ulizoazimwa gari la kufanana hazihesabiwi. Wengi wanaangukia hapo. Wewe shika hicho cha hatari. Gari kuzima katikati ya I-10 usiku, kama hiyo si hatari basi sijui hatari ni ipi.

MamaNaima
Asante kaka. Ila karatasi ya Novemba imeandikwa "tatizo halikuonekana". Hiyo si inaniharibia?

BabaTumaini_DFW
Inahesabika, itunze kama cheti cha ndoa. Ulilipeleka, wakalishika, tarehe na maili zipo. Sasa lipeleke tena, na kabla hujasaini soma walichoandika kwenye malalamiko. Mimi niliwaambia "linazima likiwa mwendoni", wao wakaandika "mteja aomba ukaguzi". Nikakataa kusaini mpaka wakabadilisha. Fundi alininunia, yakaisha.

Halafu mwandikie mtengenezaji mwenyewe, achana na yadi, barua ya rejista, umpe nafasi moja ya mwisho kulitengeneza. Baada ya hapo fungua malalamiko Idara ya Magari ya Texas, ada ni dola 35. Mwisho wa kuyafungua ni miezi sita tangu kuisha kwa waranti, miezi 24 au maili 24,000, chochote kitakachotangulia. Wakili si lazima. Siku ya kusikilizwa anakuja mtu wa kampuni, na ofisa anayesikiliza shauri anaweza kuliendesha gari mwenyewe.

Bint_Mrima
Nafanya kazi ofisi ya mikopo, naongeza mawili. Usiache kulipa rejesho hata mwezi mmoja, benki haijui habari za kakobe. Ukishinda, benki inamaliziwa deni lake kwanza, na utakatwa kiasi cha maili ulizotumia. La pili, hilo la kubadilishana uliogope. Ukishawaachia gari, utamdai nani alinunue tena? Na deni bado unalo, limepanda gari jingine.

Mshikaji_Arlington
Wakuu, nami nimenunua la umeme mnadani, la mkononi. Naweza kudai?

BabaTumaini_DFW
Hela sahau. Kama waranti ya kiwandani bado ipo, unaweza kumshtaki mtengenezaji hapohapo idarani alitengeneze. Betri kubwa kwa kawaida ina miaka 8 au maili 100,000. Na ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya Marekani ya usalama barabarani, uone kama limeitwa, wito haumwangalii mwenye gari ni wa kwanza au wa tatu.

MamaNaima
Nimepiga hesabu, kwa mwendo wangu nafika 24,000 ndani ya miezi miwili na nusu. Kesho nalipeleka. Barua ina fomu maalumu?

BabaTumaini_DFW
Barua ya kawaida inatosha. Weka namba ya chasisi, tarehe na maili za kila safari ya gereji, na nakala za karatasi. Halisi baki nazo. Na usilipeleke wewe usiku, mpe shemeji.

MamaNaima
Shemeji yako ndiye aliyelichagua 😂 Atalipeleka.