Soludo na naira bilioni 25: aliziokoa benki au alizichimbia shimo?

Mleta mada: Wakuu, Chukwuma Soludo alitoka kwenye uprofesa wa uchumi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akawa gavana wa Benki Kuu ya Nigeria (2004–2009), na tangu Machi 2022 ni gavana wa jimbo la Anambra. Julai 2004 aliagiza kila benki ifikishe mtaji wa naira bilioni 25 kutoka bilioni 2, mwisho Desemba 2005. Benki 89 zikabaki 25. Agosti 2009, miezi mitatu tu baada ya kuondoka, Benki Kuu iliwaondoa wakuu wa benki 5 na kuzimwagia naira bilioni 420 zisizame. Mimi namtwika lawama yeye.

Mchangiaji wa 2: Hapana, ndugu yangu. Nyingi kati ya zile 89 ziliishi kwa kuuza dola na kutunza amana za serikali. Kumkopesha mwenye kiwanda haziwezi. Kilichoziangusha zile 5 ni bei ya mafuta: dola 147 kwa pipa Julai 2008, chini ya 40 Desemba.

Mchangiaji wa 3: Mafuta yaliwasha moto, lakini kuni zilishapangwa. Chukua mfano wa benki inayouza hisa ili ipate mtaji. Mteja ana milioni 3, benki inamkopesha 7, ananunua hisa za milioni 10, mara nyingine za benki ileile. Kwenye vitabu mtaji umepanda, kumbe ni fedha ya wenye amana iliyozunguka ikarudi mlango wa nyuma. Bei ikishuka nusu, hisa zina thamani ya 5, deni bado ni 7. Benki ikizinadi, bei inazidi kuporomoka, na mtaji wake unaondoka nayo. Sanusi, aliyempokea kiti, alilisema hili hadharani mwaka 2010.

Mchangiaji wa 2: Kwenye usimamizi nakubali, alilegea. Lakini ruhusa ya benki kujiingiza kwenye biashara ya hisa ilitolewa 2001, kabla yake.

Mleta mada: Alikuwa na miaka mitano ya kuifunga!

Mchangiaji wa 3: Hapo umepiga penyewe. Na wenzetu wa Kenya wafuatilie, maana mtaji wa benki zao unapandishwa kutoka shilingi bilioni 1 hadi 10 ifikapo 2029. Mkaguzi asiishie kwenye jumla ya mtaji. Aulize kila mnunuzi mkubwa wa hisa alikopa wapi.