Imani ya kweli inaonekanaje kwa mtu aliyeamini? Nipo njia panda, naomba ushauri

Mja_Asiyechoka (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa watu wazima. Wenye matusi wapite kimya kimya.

Mimi ni mtu wa kanisani tangu ujana. Nafunga, natoa zaka, mikesha siikwepi. Lakini siku hizi nikipiga magoti ni kama nasema na ukuta. Hakuna machozi, hakuna ule moto wa zamani. Mtumishi mmoja ninayemheshimu sana akaniambia imani yangu ni ya mdomoni, haijawahi kunigharimu, na kwamba imani ya kweli huanzia pale akili inapogoma.

Basi hatua hiyo nimeianza. Nusu. Nusu iliyobaki inanisubiri, na tangu hapo usingizi umepaa. Swali langu ni hili tu: mtu anajuaje kwamba anachofanya ni imani na si kiherehere? Na huu woga nilionao, ni shetani ananizuia au ni Mungu? Majibu yenye maandiko tafadhali. Dini zote karibuni.

Kifuniko_cha_Sufuria
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi njooni, mimi imani yangu inaishia kwenye kuamini kwamba aliyenikopa atarudisha.

BintiSayuni
Mtumishi wa Mungu, ubarikiwe. Waebrania 11:1, "Imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Ibrahimu aliitwa akatoka asijue aendako. Aliambiwa amtoe Isaka, hakuomba siku za kufikiri. Woga hautoki kwa Mungu! Maliza hatua yako na ushuhuda utakuja. Amina.

Mwalimu_Mstaafu
Naomba nitofautiane kidogo na dada hapo juu. Swali hili limewagawa Wakristo kwa karne kadhaa. Martin Luther alishikilia kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, na katika utangulizi wake wa Agano Jipya la mwaka 1522 aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa kuwa Yakobo anasema imani pasipo matendo imekufa. Lakini Luther huyohuyo alifundisha kwamba imani hai haiwezi kukaa bila kutenda mema. Walutheri na Wakatoliki waliendelea kuvutana hadi tarehe 31 Oktoba 1999, walipotia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hilo kule Augsburg, Ujerumani. Kwa hiyo mleta mada usijilaumu kwa kuuliza.

Yakobo 2:19 ndipo pa kuanzia. Mashetani nao waamini na kutetemeka. Kuamini kwamba Mungu yupo si kipimo cha chochote.

Mama_Vitenge
Mnataka imani inaonekanaje? Niwaambie isivyoonekana. Kanisani kwetu kuna dada akishika kipaza sauti vioo vinatikisika. Ana hela yangu tangu mwanangu hajatambaa, sasa mtoto anajifunza kusoma. Nikimkumbusha ananiambia "dada tuombe". Nimeomba mpaka magoti yamepata sugu. Nimehama safu ya viti ili nisimwone akiinua mikono.

Kifuniko_cha_Sufuria
Mama Vitenge deni hilo limeshakuwa sadaka, lisamehe upate thawabu mara mia 😂

Mama_Vitenge
Wewe nenda huko.

Ukimya_wa_Bahari
Mleta mada, kwa hilo la kusali usisikie kitu, usitishike. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu walishangaa kusoma kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya utumishi alipita kwenye giza, hamsikii Mungu kabisa. Na asubuhi aliamka akaenda kuwaosha wagonjwa. Hisia huja na kuondoka. Hata yule baba wa Marko 9:24 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe akaponywa hivyohivyo, na mashaka yake yote. Sioni ulazima wa kutafuta jambo la kutisha ili uthibitishe kitu.

Dada_Mkubwa
Mimi nimesoma bandiko mara mbili. Umesema hatua, nusu ya hatua, woga wa hatua. Hatua yenyewe hujaitaja. Ni nini?

Mja_Asiyechoka
Asanteni wote, nimebarikiwa hasa na BintiSayuni. Dada Mkubwa, ni mambo ya sadaka tu. Niliweka nadhiri mbele za Mungu.

Dada_Mkubwa
Sadaka ya nini, na kutoka wapi?

Mja_Asiyechoka
Kuna fedha ninayoitunza. Niliahidi kuipanda yote. Nusu nimeshatoa, nusu natakiwa nimalizie Jumapili. Mhubiri 5:4 inasema ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa. Sasa mnataka nimdanganye Mungu? Mjane wa Marko 12 alitoa vyote alivyokuwa navyo na Yesu hakumzuia.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu, unaposoma habari ya mjane yule, rudi nyuma mstari mmoja. Marko 12:40 Yesu anawalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane, kisha ndipo mjane anaingia. Isitoshe, senti zile mbili zilikuwa zake.

Dada_Mkubwa
Mwalimu umenitangulia. "Ninayoitunza." Mtu hela yake anasema akiba yangu. Hii ni ya nani?

*(Hapo mleta mada alipotea. Kurasa mbili zikajaa ubishi wa zaka ya mapato kabla ya kodi au baada ya kodi, sina haja ya kuunukuu hapa. Akarudi usiku.)*

Mja_Asiyechoka
Sawa. Naona hamtanipumzisha. Ni mchango wa familia kwa ajili ya macho ya mama. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndugu walichanga, wakasema niishike mimi kwa sababu mimi ndiye mlokole wa ukoo, siwezi kula hela ya mtu. Na sijala! Hata senti moja haijaingia mfukoni kwangu.

Muelewe kabla hamjahukumu. Nadhiri yangu ni kwamba Mungu amfungue mama macho bila kisu. Akifunguka, hela ya upasuaji ni ya kazi gani tena? Ndiyo maana nikasema naitoa kabla, kwa imani. Ningeiacha benki huku naomba uponyaji, hiyo si ingekuwa kumkejeli Mungu? Halafu si jambo la dharura, mama anakaa nyumbani, anakula, anaimba. Anashika Biblia yake mapajani, anafunua kurasa, anaweka kidole kwenye mstari na kuusema wote kwa kichwa. Juzi alikuwa ameishika juu chini. Mjukuu akaigeuza taratibu bila yeye kujua.

Kifuniko_cha_Sufuria
Nilikuwa nimekuja kucheka. Nimeacha.

BintiSayuni
Mimi nilishauri nikidhani ni mali yako. Lakini pia tusimwekee Mungu mipaka, anaweza kumponya.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Nafanya kazi wodi ya macho. Hakuna matone wala kidonge kinachoondoa mtoto wa jicho, ni upasuaji tu: ile lenzi iliyopata ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Kwa kawaida jicho moja halimalizi saa nzima na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini ukichelewesha mpaka mtoto akakomaa kupita kiasi, presha ya jicho inaweza kupanda na kuharibu neva, na hapo hata daktari bingwa hawezi kurudisha kilichopotea. Akianza kulalamika maumivu, wekundu au kichwa upande mmoja, usisubiri Jumapili. Wengine tunawaombea wagonjwa wetu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Hatujaona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Abuu_Nuru
Assalaam alaykum. Kwa upande wetu Waislamu jambo hili lina jibu la moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba hakuna kutimiza nadhiri katika maasi wala katika kitu asichokimiliki mja. Nadhiri yako haikusimama tangu ulipoitamka. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imo kwamba hana imani asiye na uaminifu wa amana. Wewe unatafuta dalili ya imani mbali, ilhali amana ipo mikononi mwako. Rudisha, kisha toa cha kwako hata kiwe kidogo.

Mwalimu_Mstaafu
Abuu Nuru asante. Na kwetu ipo. Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna ajenge madhabahu, alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, akasema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Sasa tazama: mtumishi alikwambia imani yako haijawahi kukugharimu, nawe ukaenda kutoa gharama ya watu wengine. Na Marko 7:11 ndiyo kesi yako kabisa: mtu anamwambia mzazi "kilichokuwa cha kukusaidia nimekiweka wakfu", na Yesu anasema huko ni kulitangua neno la Mungu. Kuhusu nadhiri, msome Yeftha katika Waamuzi 11, aliyeapa kumtoa sadaka atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki, akatoka binti yake. Alitimiza. Nani anataka kuwa binti yake?

Mja_Asiyechoka
Mwalimu nakuheshimu, lakini mnasoma kwa akili. Ibrahimu naye Isaka hakuwa mali yake, alikuwa na mama yake.

Dada_Mkubwa
Ibrahimu aliambiwa na Mungu. Wewe uliambiwa na nani?

Mja_Asiyechoka
Ilikuwa ibada, watu waliitwa mbele, nikasikia msukumo.

Kinyonga_Mweusi
Ngojeni kwanza kabla hamjamaliza Biblia yote. Mimi nina tabia mbaya ya kufukunyua. Mwaka jana jamaa huyuhuyu alianzisha uzi akiomba ushauri wa mirathi, akaandika kwa mkono wake, "mama yangu ameshatangulia mbele za haki na mimi ni mtoto pekee." Leo ana mama kipofu na ndugu wanaochanga. Hii ni chai wakuu, tena imeungwa tangawizi. Mnalishwa mpaka na manesi wanatoa darasa.

Kifuniko_cha_Sufuria
Heee! Na mimi nilishaacha kucheka. Nirudishieni huruma yangu.

Mama_Vitenge
Nilijua. Ile Biblia juu chini ilikuwa nzuri mno.

BintiSayuni
Kama ni uongo, Mungu hadhihakiwi.

Ukimya_wa_Bahari
Hata kama katunga, swali limebaki palepale. Ila na mimi nasubiri jibu.

Mja_Asiyechoka
Sijatunga. Mama yangu mzazi alishafariki, kweli. Huyu ni mama mkwe. Tangu nioe namwita mama, sina mwingine. Waliochanga ni shemeji zangu. Ule uzi wa mirathi ni wangu na ni wa kweli.

Dada_Mkubwa
Mkeo anajua?

Dada_Mkubwa
Mleta mada nakuona upo hewani.

Mja_Asiyechoka
Hajui. Nilipanga nimwambie muujiza ukishatokea, asije akavunja imani kwa maneno. Yeye ni mtu wa mashaka kidogo.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Na mama mwenyewe aliulizwa kama anataka kuponywa kwa njia hiyo?

Mja_Asiyechoka
Hapana. Yeye anangoja tarehe ya upasuaji. Kila nikienda ananiuliza kama hospitali wamepiga simu. Namwambia bado.

Msema_Pweke
Mimi siamini Mungu na huwa siingii nyuzi hizi. Nasema moja naondoka. Katika habari yako yote, mwenye imani ni huyo mama. Anakuamini wewe bila ushahidi wowote.

BintiSayuni
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mpagani, Bwana nisamehe. Kaka, hiyo "bado" unayomwambia ni uongo. Mathayo 5:23-24 inasema acha sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Jumapili usipeleke kitu.

Mja_Asiyechoka
Na ile nusu iliyokwenda? Nimetuma ujumbe kwa njia ya heshima, nikauliza kama inawezekana kurejeshewa. Nimejibiwa kwamba kilichowekwa madhabahuni hakishuki, na nisimruhusu adui.

Mama_Vitenge
Karibu kwenye chama chetu cha tunaodai.

Abuu_Nuru
Hiyo nusu ni deni lako kwa wenyewe, hata wasiporudisha. Uza kitu. Kopa kazini, ukatwe kidogo kidogo. Itakugharimu, na si hicho ulichokuwa unakitafuta?

Sista_Zamu_ya_Usiku
Uliza hospitali kama nusu iliyobaki inatosha jicho moja. Mara nyingi hata hivyo huanza na jicho moja, la pili likafuata baadaye.

Mja_Asiyechoka
Sikuwahi kufikiria hilo la jicho moja. Nitaongea kwanza na shemeji mkubwa, yeye ndiye mkali. Akipoa, mke wangu atapoa.

Dada_Mkubwa
Mke kwanza. Leo. Akisikia kwa kaka yake ndoa hiyo utaipanda mbegu nayo.

Mja_Asiyechoka
Acha niombe kidogo, nitamwambia.

Dada_Mkubwa
Kuomba si ndiko ulikofanya mpaka ukafika hapa? Yupo chumba cha pili, nenda.

Kinyonga_Mweusi
Mimi bado sijashawishika. Mtaona, wiki ijayo anarudi na sehemu ya pili, "mke amesamehe, mama anaona, nipeni namba ya Sista nimshukuru."

Sista_Zamu_ya_Usiku
Namba yangu haitoki. Lakini hospitali waulize kesho, usisahau.