Nimehakiki NIDA yangu (namba ya kitambulisho cha taifa), nimekuta laini mbili nisizozijua. Nifanyeje?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Jana fundi mwenzangu kapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Alipoanza kutuma, likatokea jina langu, yote matatu. Nimebonyeza *106#, kweli kuna laini mbili si zangu. Silali. Nikitupa laini yangu nikasajili mpya, si yataisha?

Mama Wawili: Pole mwanangu. Mimi Januari 2020, ile foleni ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, kijana wa mwavuli, wakala wa laini, aliniambia kidole hakisomi, nirudie. Nikarudia mara tatu. Baadaye nikakuta laini ya pili. Ile namba ya NIDA ya tarakimu 20 msiitaje hovyo, nane za mwanzo tu ni tarehe yako ya kuzaliwa!

Nahodha: Vijana mnapenda njia ya mkato.

Bi Mkubwa: Kutupa yako hakuzifuti hizo mbili. Kidole hakiibiwi mfukoni, mdogo wangu. Nani alikiweka?

Kijana wa Mbagala: Niliweka mimi. Mtoto wa mama mdogo alisema NIDA yake haijatoka, akanipa elfu tano kila laini. Ni damu yangu, na ameapa atazizima. Polisi siendi.

Nahodha: Elfu kumi umeuza jina la babu yako!

Mzee wa Data: Hii chai. Tapeli ana nchi nzima, ujumbe ukaangukie kwa fundi mwenzako?

Nahodha: Hata mimi nimeshangaa. Weka picha ya huo ujumbe.

Mama Wawili: Juzi mwingine alituchangisha humu, kumbe mgonjwa hayupo.

Kijana wa Mbagala: Siombi hela ya mtu. Ndugu yangu alibeba zege nasi miezi miwili, namba za mafundi wote anazo.

Bi Mkubwa: Basi ndiye. Akizizima leo, kesho anaziwasha. Kwenye kumbukumbu bado ni zako. Asubuhi nenda na kitambulisho duka la mtandao husika, zifutwe. Fundi autume ujumbe ule 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kisha kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, kabla hajalizwa mtu ambaye hakujui.

Kijana wa Mbagala: Dada, mama mdogo kanipigia mara mbili tangu nianze kuandika. Sijapokea.

Bi Mkubwa: Pokea. Mwambie unakwenda.